Anza na karatasi, pesa zifuate: kutafuta ruzuku za utafiti wa historia ukiwa ughaibuni

Kwa bibi yangu Pangani, merikani haikuwa nchi. Ilikuwa kitambaa, pamba nzito isiyopaushwa, ya kushonea foronya na mifuko ya chumvi. Mimi niliijua merikani ya kitambaa miaka mingi kabla ya kuijua Marekani ya viza. Baadaye nikaja kuishi Lowell, Massachusetts, nikawa nafanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee, na kila asubuhi nikitoka kazini napita chini ya viwanda vya matofali mekundu ambavyo siku hizi ni nyumba za kupanga na makumbusho. Asubuhi moja nikasoma kibao ukutani, miguu ikagoma kuendelea. Mji huu ulijengwa kwa pamba. Na pamba iliyofumwa katika miji ya namna hii ndiyo iliyopakiwa kwenye meli za Salem, ikafika Unguja, na meli zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Nikataka kuiandika historia hiyo. Nilikuwa na shahada ya ualimu, sina chuo huku, sina profesa anayenijua, na akiba yangu ilikuwa inakwenda kwenye ada za wadogo zangu. Basi nikafanya ninaloona wenzangu wengi wanalifanya: nikafungua intaneti, nikatafuta ufadhili kwa Waafrika, nikapata orodha ndefu, nikaanza kujaza fomu kutoka juu kwenda chini. Mfuko mmoja ulinilia wiki tatu na barua mbili za mapendekezo. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: mwombaji anatakiwa awe anafanya kazi katika chuo kikuu kilichopo Afrika. Sharti hilo lilikuwepo kwenye tangazo tangu mwanzo. Sikulisoma kwa sababu nilikwenda moja kwa moja kwenye kiasi cha pesa.

Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mwaka ule.

Sisi ni popo

Utotoni tulisimuliwa habari za popo: ndege walimkataa kwa kuwa ana meno, wanyama wakamkataa kwa kuwa ana mabawa. Mbele ya wafadhili, mtu wa ughaibuni ni popo hasa. Fedha nyingi zenye neno Afrika kwenye jina zimewekewa walio nyumbani, na ni haki yao. Mpango wa Next Generation Social Sciences in Africa wa Social Science Research Council, ulioanza 2011, uliwekwa kwa ajili ya wanaofundisha katika vyuo vya nchi chache za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Ukiwa Toronto au Leeds, haukuhusu hata kama ulizaliwa Kisumu. Na baadhi ya mipango iliyomo kwenye orodha hizo za intaneti imeshakufa. African Humanities Program ya American Council of Learned Societies, iliyoanza 2008, iligharimia wasomi wengi wa Tanzania na Uganda hadi mashindano yake yalipokwisha, lakini jina lake linaendelea kunakiliwa kutoka orodha moja hadi nyingine. Vivyo hivyo na ufadhili wa tasnifu wa kimataifa wa Social Science Research Council uliokuwa ukitegemewa sana na wanafunzi wa uzamivu Marekani.

Kwa hiyo kila tangazo lisome kwa maswali matatu kabla ya jingine lolote. Unaishi wapi? Unashika pasipoti ya wapi? Nani amekupa meza, yaani una chuo au huna? Majibu yako matatu yaandike kwenye karatasi, kisha uone tangazo linataka yapi. Utashangaa jinsi orodha inavyopukutika, na jinsi iliyobaki inavyokuwa yako kweli.

Nitoe mifano, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa wanafunzi wanaotoka Marekani kwenda nje ni ya raia wa Marekani tu; kadi ya ukaazi wa kudumu haikusaidii. Fulbright-Hays ya tasnifu huwapokea pia wenye ukaazi wa kudumu, lakini kwa miaka mingi kanuni zake zilitoa alama kwa mwombaji anayejua lugha ya kigeni na kumnyima alama hizo yule ambaye lugha hiyo ni ya mama yake. Maana yake, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili miaka miwili alipata alama, na mtoto wa Tanga hakupata. Kanuni hiyo ilipelekwa mahakamani 2022, na mashindano ya mwaka 2025 yenyewe yalifutwa. National Endowment for the Humanities, mfuko wa serikali ya Marekani unaogharimia masomo kama historia na lugha, haidai uraia: mgeni aliyeishi Marekani miaka mitatu kabla ya siku ya mwisho ya maombi anaweza kuomba, na shahada ya uzamivu si sharti. Ila mwaka huohuo wa 2025 taasisi hiyo ilivunja ruzuku nyingi ilizokwisha kuzitoa, kwa hiyo angalia ni dirisha lipi liko wazi kabla hujachoma usiku wako.

Uingereza hali ni tofauti. Ruzuku ndogo za British Academy na Leverhulme hufika pauni 10,000 kwa muda usiozidi miezi 24, na swali lao kubwa ni kama makazi yako ya kawaida ni Uingereza. Pasipoti haiwashughulishi. Mtafiti asiye na chuo anaruhusiwa, mradi ana kiwango cha mtu aliyemaliza uzamivu au kazi zinazolingana nacho. Tena kuna jambo watu wengi hawalijui: tangu 2022 wamekuwa wakijaribu utaratibu ambapo maombi yote yaliyovuka kiwango cha ubora huingia kwenye bahati nasibu. Ukikosa hapo usichane andiko lako. Huenda lilikuwa zuri, ila namba haikutoka.

Ujerumani kuna Gerda Henkel Stiftung ya Düsseldorf, iliyoanzishwa 1976 mahsusi kwa sayansi za historia. Kwa ruzuku zake za utafiti za waliomaliza uzamivu hawaulizi utaifa wala mahali unapofanyia kazi, na unaweza kuandika kwa Kiingereza. Pia wana ufadhili wa Lisa Maskell kwa wanafunzi wa uzamivu, lakini huo umerudi kwenye lile sharti la kuwa Afrika: ni kwa walioko katika vyuo vya Afrika Kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini-Mashariki. Kama una mdogo wako anasoma Dar es Salaam au Makerere, mpelekee yeye habari hiyo.

Karatasi ziko wapi

Sasa ndilo jambo lililonigeuza. Nilikuwa nauliza nani atanipa pesa. Mkutubi mmoja mzee, katika maktaba ya mji tu, aliniuliza swali jingine: "Nyaraka unazozitaka zimelala wapi?" Sikuwa na jibu. Nilipoanza kulitafuta jibu hilo, wafadhili walianza kujitokeza wenyewe, kwa sababu ruzuku nyingi ndogo za historia zimefungwa kwenye maktaba na hifadhi maalumu. Wao wana masanduku yanayokaa bila kusomwa, na wanalipa mtu aje ayafungue.

Na hapa popo ana bahati yake. Sehemu kubwa ya karatasi za historia yetu haiko kwetu. Iko huku tuliko. Mtafiti wa Dodoma anahitaji viza, tiketi na hoteli ili afike kwenye hifadhi ya Kew, London. Wewe uliye Reading unahitaji treni.

Kew, London, ndiko ziliko The National Archives za Uingereza. Barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya ziko kwenye mfululizo CO 533, Uganda CO 536, Zanzibar CO 618, Tanganyika CO 691. Humohumo utakuta FCO 141, yale majalada yaliyoondolewa makoloni wakati wa uhuru na kufichwa Hanslope Park hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyaibua. Yalianza kufunguliwa kwa umma 2012. Kadi ya msomaji ni bure, na kupiga picha kwa simu yako ni bure. Oxford, katika maktaba ya Bodleian, kuna makaratasi binafsi ya maofisa wa kikoloni yaliyokusanywa kuanzia 1963, pamoja na ya wamisionari wa UMCA waliofanya kazi Unguja, Magila na Masasi. Ya CMS, wamisionari wengine wa Kianglikana, yako Birmingham. SOAS, chuo cha London cha masomo ya Afrika na Asia, wana miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ikiwemo iliyokusanywa na William Taylor akiwa Mombasa.

Aliye Berlin anayo Bundesarchiv ya Lichterfelde, na mfululizo R 1001 wa Wizara ya Makoloni ya Ujerumani, ambamo Maji Maji ya 1905 hadi 1907 imeandikwa kwa macho ya waliokuwa wakiizima. Sehemu kubwa imeshawekwa kwenye mtandao, kwa hiyo hata aliye Minneapolis anaweza kuanza leo. Kikwazo ni mwandiko wa zamani wa Kijerumani, Kurrent, na kujifunza kuusoma kunachukua miezi.

Kwa Warundi, Wanyarwanda na Wakongo walioko Ubelgiji, nyaraka za utawala wa Kibelgiji zimekuwa zikihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje kwenda Hifadhi ya Taifa mjini Brussels, na makumbusho ya Afrika ya Tervuren yana makaratasi ya msafiri Henry Morton Stanley. Nalisema hili kwa uzito kwa ndugu zetu walio na hadhi ya ukimbizi. Kurudi nchi uliyoikimbia, hata kwa wiki mbili za kusoma nyaraka, kunaweza kuhojiwa na mamlaka za uhamiaji. Mtu ninayemfahamu aliyekuwa na swali kuhusu ushuru wa kahawa Burundi alilijenga upya lote juu ya masanduku ya Brussels, na andiko likawa bora kuliko la kwanza.

Muscat kuna mamlaka ya nyaraka ya taifa ya Oman, iliyoundwa 2007, ambayo imeipa Zanzibar nafasi kubwa katika kazi zake. Marekani, nyaraka za taifa za Kenya zimo kwa mikrofilamu katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Northwestern, karibu na Chicago, wana maktaba ya Herskovits ya masomo ya Afrika, ya tangu 1954. Barua za mabalozi wadogo wa Marekani waliokaa Zanzibar, kuanzia 1836 hadi 1906, zimo kwenye mikrofilamu M468 ya hifadhi ya taifa ya Marekani. Na makaratasi ya Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, mtoto wa Salem aliyewasili 1837, yako katika maktaba ya Phillips, ambayo chumba chake cha kusomea kipo Rowley. Kutoka kwangu ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Mwaka mzima nilikuwa naomba pesa za ndege.

Ruzuku ndogo, na kwa nini nazipenda

Kuna muungano wa maktaba na hifadhi za New England, unaoratibiwa na Massachusetts Historical Society, unaotoa dola 5,000 kwa mtafiti atakayetumia angalau wiki nane katika maktaba wanachama, zisizopungua tatu, wiki mbili au zaidi kila moja. Baker Library ya Harvard, yenye hesabu za viwanda vya pamba, ni mojawapo. Siku ya mwisho imekuwa mwanzoni mwa Februari. American Historical Association wana ruzuku ya Bernadotte Schmitt kwa utafiti wa historia ya Ulaya, Afrika na Asia. Ni ndogo, haitalipa pango, na ni kwa wanachama tu, lakini wasio na fedha za chuo wanapewa kipaumbele. Bodleian wana ufadhili wa wageni. Royal Historical Society ya London hutoa ruzuku kwa wanafunzi na watafiti wachanga, na tangu 2022 wana ufadhili wa uzamili wa pauni 5,000 kwa wanafunzi wa makundi ambayo hayaonekani sana kwenye idara za historia. Watoto wetu waliokulia Uingereza wamo humo, waambieni. British Institute in Eastern Africa, Nairobi, kwa miaka mingi imetoa ruzuku ndogo ndogo kwa kazi za ukanda wetu, na IFRA, taasisi ya Wafaransa mjini humohumo, nayo hufanya hivyo. Ukiwa unachimba mji wa kale badala ya kusoma karatasi, tazama Wenner-Gren: ni ya anthropolojia na akiolojia, haijali utaifa, na ruzuku yake ya tasnifu hufika dola 25,000.

Piga hesabu lakini. Dola 5,000 kwa wiki nane ni 625 kwa wiki. Mwenye zamu, mtoto na pango la Boston hawezi kuacha kazi kwa fedha hiyo. Uliza kwa barua pepe, kabla ya kuomba, kama wiki zinaweza kutawanywa mwaka mzima. Wasimamizi wa ruzuku hizi hujibu, tena kwa upole, na swali lako halihesabiwi dhidi yako. Mimi niligawa zangu: wiki mbili za likizo, wiki mbili za likizo bila malipo, na zilizobaki nikazipanga na mwenzangu wa kazini tukabadilishana zamu.

Faida kubwa ya ruzuku ndogo haimo kwenye pesa. Ukishapata moja, hata ya dola 1,000, maombi yako yajayo yanakuwa na mstari unaosema kuna watu waliokwishakuamini. Wafadhili ni kama wateja wa mgahawa: wanaingia palipokaa watu.

Andiko

Haya, tuseme umepata tangazo linalokufaa. Andiko langu la kwanza lilianza hivi: "Utafiti huu utachunguza historia ya biashara kati ya Afrika Mashariki na Marekani katika karne ya 19." Soma tena sentensi hiyo. Haina kosa la sarufi, na haina kitu. Watu mia wangeweza kuiandika, na msomaji wa maombi anasoma sabini usiku mmoja.

La tatu, lililofaulu, lilianza na bibi na foronya yake, sentensi mbili tu, kisha hivi: "Kati ya 1837, Waters alipofika Unguja, na vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilivyokausha pamba, kitambaa kimoja kilikuwa fedha njiani kutoka pwani hadi Ujiji. Nauliza nani aliyekuwa akiamua kipimo, uzito na upana wake: mfanyabiashara wa Salem, Mhindi wa forodhani Unguja, au mnunuzi wa bara aliyekataa kitambaa chepesi?" Hapo kuna mwaka wa kuanzia, mwaka wa kuishia, kitu cha kushika mkononi, na swali ambalo jibu lake laweza kunishangaza hata mimi. Swali ambalo jibu lake unalijua tayari halihitaji ruzuku.

Baada ya swali, taja masanduku. Namaanisha masanduku kweli, kwa namba. Ingia katika katalogi ya maktaba hiyo, tafuta makusanyo matatu au manne, andika jina la kila moja, miaka yake, na unatarajia kukuta nini ndani. Kisha mwandikie mkutubi umuulize kama yapo wazi kwa wasomaji au yako kwenye ukarabati. Andiko linalosema "nitapitia nyaraka husika" hutupwa. Andiko linalosema "nitaanza na barua za Waters za miaka ya kwanza, kwa sababu humo ndimo alimokuwa akiwalalamikia watu wa Salem kuhusu bidhaa" humfanya mkutubi aketi sawasawa, na mara nyingi mkutubi huyo ni mmoja wa waamuzi.

Halafu lugha. Wengi wetu tunakitaja Kiswahili kwenye mstari wa mwisho wa wasifu, kama mtu anayetaja kwamba anajua kuendesha baiskeli. Kiweke katikati. Onyesha kitakufanyia kazi gani. Kwenye vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Salem kuna maneno yaliyoandikwa kwa masikio ya Wamarekani, majina ya vitambaa, vipimo, watu na bandari, na asiyejua kaniki ni nini au frasila ni nini atapita juu yake. Kama unasoma Kiarabu, au Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa kuwa ulikwenda chuoni kwa maalimu utotoni, hiyo ni silaha ambayo wenzako wa vyuo vikuu hulipa miaka kuipata. Iandike kwa sentensi mbili zenye mfano.

Jambo ambalo sikubaliani na ushauri wa wengi: wanasema usitaje habari zako binafsi. Taja, lakini kidogo, na iwe inafanya kazi. Bibi yangu alikuwa ushahidi kwamba neno lilidumu muda mrefu baada ya kitambaa cha kutoka Marekani kwenyewe kutoweka sokoni. Safari yangu ya viza haikuwa ushahidi wa chochote, nikaikata.

Bajeti iwe ya mtu aliyewahi kununua vitu. Nauli, malazi kwa siku kadhaa kwa bei unayoweza kuionyesha, chakula, ada za kunakili picha, diski ya kuhifadhia. Usizungushe namba, 1,240 inaaminika kuliko 1,500. Vifaa kama kompyuta wengi hawalipi, na wengi hawakulipi mshahara wako mwenyewe. Uangalizi wa mtoto baadhi wanaulipa siku hizi, uliza.

Barua, kibali, viza na kodi

Barua za mapendekezo ndizo zinazotutisha tusio na maprofesa. Mtu mkubwa asiyekujua ni hasara: ataandika aya mbili za jumla. Mkutubi aliyekuona ukifika kila Jumanne, mhariri wa jarida uliloandikia, mwalimu wako wa chuo cha nyumbani ambaye bado anakumbuka insha yako, hao wana la kusema. Mpe mtu wiki nne, mpelekee andiko lako na orodha fupi ya mambo ambayo ungependa ayaguse. Anayeandika kutoka nyumbani mkumbushe mapema kuhusu mtandao na umeme, na mpe tarehe iliyo siku tano kabla ya tarehe yenyewe. Ni uongo mdogo ambao Mungu atanisamehe.

Meza nayo inapatikana. Vituo vya masomo ya Afrika vya vyuo vingi huwa na nafasi ya mtafiti mgeni asiyelipwa: unapata anwani ya barua pepe ya chuo, kadi ya maktaba, na jina la kuweka kwenye fomu. Andika barua fupi kwa mkurugenzi wa kituo kilicho karibu nawe, eleza mradi kwa aya moja, na sema utatoa nini: mhadhara mmoja, au saa chache za mazungumzo na wanafunzi wao wa Kiswahili. Vituo hivyo vina njaa ya wasemaji wa Kiswahili.

Ukitaka kwenda kusoma nyaraka nyumbani, usidhani kwa kuwa ni nyumbani utaingia tu. Kibali cha utafiti hutolewa na tume au baraza la sayansi la kila nchi: Tanzania Bara ni COSTECH, Zanzibar ina utaratibu wake tofauti kwa ajili ya hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, Unguja, Kenya ni leseni ya NACOSTI, Uganda ni UNCST. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, hivyo Mkenya mwenye pasipoti ya Marekani anabaki mwananchi ikiwa amefuata taratibu. Mtanzania aliyechukua uraia wa nje ni mgeni mbele ya dawati, pamoja na ada za mgeni, hata kama mwenye dawati ni binamu yake. Weka ada hizo kwenye bajeti, na anza mchakato miezi kadhaa kabla ya safari. Nimeona mtu akitumia wiki tatu za ruzuku yake akinywa chai akisubiri muhuri.

Viza ya huku uliko ni jambo la kumuuliza mwanasheria wa uhamiaji au ofisi ya wanafunzi wa kigeni, si jukwaa la WhatsApp. Swali ni hili: je, fedha hii itahesabiwa kuwa ajira? Kwa mwenye viza inayomfunga kwa mwajiri mmoja, jibu linaweza kumgharimu.

Kodi je? Marekani, mtu ambaye si mkaazi kwa sheria za kodi hukatwa asilimia 14 ya ruzuku inayotozwa kodi kama yuko kwa viza za F au J, na asilimia 30 kwa nyingi za nyinginezo. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kupunguza makato hayo. Ukaona hundi ya 5,000 imefika kama 4,300, hujaibiwa.

Sanduku la nyumbani

Kuna msomaji aliyefika hapa akisema: mimi si mtafiti, nina tu sanduku la marehemu babu lenye barua, hati za mashamba na vitabu vya mkono. Wewe ndiye wanayekutafuta watu wa Endangered Archives Programme ya British Library. Tangu 2004 wanagharimia kupiga picha nyaraka zilizo hatarini, na sharti lao ni kwamba asili haziondoki nchini mwake. Hivi ndivyo miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilivyopata nakala za kidijitali. Kwa nyaraka za karne ya 20 na 21 uko mpango ndugu yake, Modern Endangered Archives Program, katika maktaba ya UCLA. Fedha kwa kawaida hupitia taasisi, kwa hiyo tafuta makumbusho, chuo au maktaba ya nyumbani itakayokubali kuwa mwenyeji, na zungumza na familia nzima kabla ya kumwambia mtu wa nje. Hati za mashamba huamsha kesi zilizolala. Nimeona ndugu wakikoma kusalimiana kwa sababu ya picha moja ya hati ya mwaka 1911 iliyowekwa kwenye kundi la familia.

Na kama mna jumuiya iliyosajiliwa Uingereza, National Lottery Heritage Fund hutoa ruzuku kuanzia pauni 10,000 kwa miradi ya urithi, na kurekodi simulizi za wazee ni mojawapo. Wapo wazee London waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, wapo Leicester waliofukuzwa Uganda 1972, na kila msimu wa baridi wanapungua. Fomu ile ni ndefu, inataka katiba ya jumuiya, akaunti ya benki na hesabu. Mkiwa na mweka hazina mwenye bidii, mmeshafika nusu ya njia. Msipokuwa naye, mtafuteni kwanza yeye, fomu baadaye.